Yesu Bila Bunga

Juzi mulinijia, ninyi watoto wa simu, kuniomba ile perike ya nywele za manjano. Mulisema munataka kupiga filimu ya Pasaka, na Yesu wenu mumekwisha kumupata, kijana mumoja wa Nyakasanza, mutaratibu, mwenye sauti nzuri, ila tu ni mweusi kidogo. Mumoja wenu akatoa simu akanionyesha vile munaweza kumupausha uso kwa kidole. Ukiburuta hivi, anageuka mweupe kama yai la kuchemsha. Nilicheka mpaka sindano ikanianguka. Halafu nikakasirika, munanijua.

Perike haiko. Nilishaikata zamani, wajukuu wangu wakapata midoli. Lakini kwa sababu muliondoka na nyuso za kununa, na kwa sababu mama zenu watasema Masika amekuwa muzee mubaya, nawaelezea sasa kile ambacho siku ile hasira haikuniacha nikiseme.

Munaniona hapa nyuma ya mashini yangu ya kushona, ile niliyokuja nayo kutoka Butembo nikiwa ningali binti, na munafikiri nilikuwa fundi wa nguo tu. Hapana. Kikundi chetu cha parokia kilikuwa kinapiga filimu za Biblia hapa Bunia kila mwaka, na mimi nilikuwa na kazi mbili: nguo na sura. Niliacha pale macho yalipokataa uzi. Nguo ni kazi rahisi. Mutume unamukata ndani ya pazia la zamani, Muroma unamuvika sufuria kichwani na kipande cha bati kifuani. Sura ndiyo inataka akili.

Sura zilikuwa na sheria zake. Yesu, bunga, ule unga wa muhogo, iliyochungwa vizuri, juu ya mafuta ya kujipaka. Malaika, bunga. Maria, bunga ya heshima, si nyingi. Yuda, makala, yale makaa ya jikoni, kidogo kwenye mashavu. Shetani, makala yaliyosagwa na mafuta ya ngazi, yale ya mawese, toka utosi mpaka kidole cha muguu. Msiniulize nani aliandika sheria hiyo. Hakuna padri aliyetuambia. Kalenda iliyokuwa ukutani kwa kila mutu ilionyesha hivyo, filimu za kigeni tulizoziona zilionyesha hivyo, na siye tulifuata kama vile mutu anavyofuata njia ya maji.

Sasa bunga ya muhogo na jasho haviwezi kuishi nyumba moja. Yesu akibeba musalaba kidogo tu chini ya jua, shingo inaanza kuwa bugali. Kuku wanamufuata. Mwaka fulani tulipiga kuingia Yerusalemu. Punda hatuna, tukaazima ng'ombe mupole wa jirani, tukamufunga masikio ya kitambaa. Yesu wetu, Deo, akapanda. Ng'ombe akasikia harufu ya bunga na chumvi ya jasho, akageuza shingo, akaanza kumulamba Bwana muguu, polepole, kwa upendo kabisa, toka kidole mpaka goti. Kambale wa kamera hakusimamisha, yeye anasemaga kamera ikishafunguka ni kama mulango wa kanisa. Siku ya kuonyesha, mutu mumoja akapaza sauti katikati ya sali, ule ukumbi wa parokia: "Bwana amevaa soksi!" Mwalimu Uyirwoth, mukubwa wa filimu zetu, aliumwa kichwa juma nzima.

Huyu Deo alikuwa mweupe wa kuzaliwa, mutoto muzuri, anakata nywele pale karibu na soko. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote katika filimu, kuwa mweupe. Maneno hayakukaa kichwani mwake hata kwa gundi. Aliyekuwa anamunong'oneza maneno, amejificha nyuma ya jiwe au nyuma ya mutungi, alikuwa Ukumu. Na Ukumu ndiye alikuwa Shetani wetu. Kwa hiyo, watoto wangu, Bunia hapa, hotuba ya mulimani Yesu alifundishwa na Shetani.

Ukumu ni Mualur, wa kule ziwani, anauza samaki. Murefu, mupole, sauti yake inatoka chini kama ngoma ya kanisa. Na mweusi, mweusi yule wa kung'aa. Hata makala yangu yalikuwa hayana kazi juu yake, lakini nilimupaka, kwa sababu sheria ni sheria. Alivumilia. Baada ya kila Pasaka mama za soko walikuwa wanamutania, wanamufukuza na ufagio, wanasema toka hapa usituchachishe maziwa. Anacheka nao. Baadaye niliona anacheka nusu. Kuna mama mumoja aliacha kabisa kununua samaki yake, na huyo hakuwa anatania.

Kile kilichomuvunja ni kitu kidogo. Alinielezea akiwa amekaa mbele yangu, mimi nikisaga makala ya mwaka ule. Mvua ilikuwa imeanza, akapeleka mwavuli masomoni, shuleni kwa binti yake, Bernadeta, mutoto wa darasa la tatu. Kwenye mulango wa masomo watoto wengine wakaanza kuimba: mutoto wa nyoka ni nyoka, mutoto wa nyoka ni nyoka. Mwalimu wao akatoka, akamuuliza Bernadeta kama huyu muzee ni baba yake.

"Hapana, haiko papa yangu," Bernadeta akasema. "Huyu anauzaga samaki kwetu."

Akachukua mwavuli, akaenda. Ukumu alinielezea hivyo bila kupandisha sauti, anaangalia mikono yake. Akasema jioni ile mutoto alikula samaki vizuri, lakini hakumuangalia usoni. Akasema hii ni filimu yake ya mwisho, kisha hapo tutafute Shetani mwingine, kwa sababu yeye anataka tu kitu kimoja duniani, mutoto wake amutambue mbele ya watu. Nikaweka chini kile kinu cha makala. Nikamumiminia chai tu. Mimi, Masika, ambaye maneno yangu yanafika Mongbwalu kabla ya pikipiki.

Na kuhusu Mongbwalu. Siku chache kabla ya kuanza, Deo alipotea. Kumbe amesikia kule wanapata dhahabu, amebeba mukasi wake na koleo, ameenda kuchimba. Hakuaga. Siku ya kuonyesha ilikuwa imeshatangazwa kanisani, mabango yamebandikwa mpaka Mudzipela. Mwalimu Uyirwoth alizunguka muji mzima anatafuta mutu mweupe. Akaleta mumoja mwenye kigugumizi. Akaleta mwingine aliyesema atakubali kila kitu ila kufa. Mimi nikamuambia, Mwalimu, mutu mumoja anajua maneno yote ya Yesu toka mwanzo mpaka mwisho, na amekaa pale kwenye kiti anasubiri makala.

Mwalimu hakuwa mutu mubaya, musimuhukumu. Aliogopa. Alisema watu watacheka, watasema Shetani amemula Yesu. Alisema mama za parokia hawatapiga magoti mbele ya muuza samaki wanayemujua. Nikamujibu kuwa mitume nao walikuwa wauza samaki, akasema Masika, usilete dini hapa. Mwishowe akasema sawa, Ukumu, lakini bunga mara mbili, na perike.

Tukajaribu. Mama weee! Bunga juu ya ngozi ile haikuwa nyeupe, ilikuwa majivu. Perike ya manjano juu yake. Ukumu akajiangalia ndani ya kioo changu kwa muda murefu, kisha akasema, "Nimekwisha kufa kabla ya Pilato." Kambale alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikachovya kitambaa ndani ya maji, nikaanza kumupangusa, na nikamuuliza Mwalimu swali moja tu.

"Mwalimu, Bernadeta atamutambua papa yake ndani ya bunga hii?"

Mwalimu alikuwa anajua ile habari ya mwavuli, soko lote lilikuwa linaijua. Na yeye pia ana mabinti. Akasimama pale, anakunja na kukunjua karatasi zake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, sasa Shetani atakuwa nani? Tukamuangalia wote. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, viatu vinang'aa, tai imenyooka, na ile sauti yake tamu anayotumia kuwaomba watu waje mapema. Akajiangusha kwenye kiti kama mutu aliyesomewa hukumu, akasema, "Lakini makala, hapana." Nikamuambia, Mwalimu, kwako hata sabuni haihitajiki, uje ulivyo.

Sasa fungueni masikio, hapa ndipo kazi ilipo. Siku ya kwanza Kambale akamusimamisha Ukumu mbele ya ukuta wa kanisa, ule uliopakwa chokaa, akamuvika kanzu nyeupe niliyomushonea Deo. Tukaangalia kwenye kamera. Mutu hakuwako. Kulikuwa na ukuta, na kanzu, na macho mawili na meno. Kambale akainua mabega, akasema munaona, kamera imekataa. Kidogo nimupige na pasi.

Tukaenda kwa Muzee Safari. Ninyi hamukumujua. Alikuwa na studio ya picha karibu na Bulevari, nusu ya ndoa za muji huu zilipita mbele ya macho yake. Wakati ule alikuwa ameshaacha kazi, muguu mubaya, mudomo muzima. Tukamuonyesha. Akauliza nani amemuweka mutu mbele ya chokaa. Sote tukamuangalia Kambale. Muzee akasema kamera haikatai mutu, kamera inamufuata yule anayepiga kelele, na pale anayepiga kelele ni ukuta. Toa ukuta, toa kanzu, ndipo utamusikia mutu akisema.

Tukafanya vile alivyosema, na ninyi mufanye hivyo hivyo. Mutu mweusi mumusimamishe mbele ya ukuta wa udongo, au mugomba, au kivuli. Jua limutokee upande, si usoni wala mugongoni, na upande wa pili mutu ashike shuka jeupe lirudishe mwanga taratibu. Glisirini kidogo kwenye paji la uso, kwenye mashavu, kwenye kidevu, kidogo sana, mutu si mandazi. Kanzu yake isiwe nyeupe. Mimi niliichemsha ndani ya majani ya chai mpaka ikawa rangi ya udongo mukavu. Na ninyi na simu zenu, hicho kidole munachopausha nacho, kiwekeni kwenye kioo cha simu, juu ya uso wa mutu, kabla ya kupiga, simu itapima mwanga wake yeye, itaacha kupima mwanga wa mawingu. Ndiyo dawa yote. Haina uchawi.

Kambale akaangalia tena ndani ya kamera. Kisha akaniita nije nione. Nikaona Ukumu. Niliona musuli wa shingo, mukunjo chini ya jicho, jasho dogo juu ya mudomo. Niliona mutu aliyeamka mapema na amechoka na bado anataka kukusikiliza. Miaka yote ile nilikuwa nafunika nyuso, na siku ile ndipo niliona uso. Nililia, si sana, nikasema ni muvuke wa ile chai ya kanzu.

Lakini rangi nyeupe hatukuitupa. Nilimuambia Mwalimu nyeupe tutaiweka kwa ajili ya ufufuko peke yake, ili watu washituke. Nikatoa shuka langu mwenyewe la harusi, nikalishona upya. Nikalifua kwa ndimu, nikalifua kwa bulu ya kung'arisha, nikalianika juu ya majani, nikalipiga pasi ya makala na roho mukononi, kwa sababu cheche moja tu ingetosha kulichoma. Likatoka linang'aa hata ukifumba macho. Nikawa najisemea, siku hiyo Bunia yote itauliza hii nguo ni ya nani.

Golgota ilikuwa mulima mumoja upande wa Bogoro. Tukapanda lori, Waroma na sufuria zao na mikuki ya miti, Ukumu katikati amefungwa kamba. Kambale alitaka kamba ya kweli, ya kufungia ng'ombe, alisema ya uongo inaonekana. Hatukufikiri. Mutu anatoka Bunia, ndani ya lori, na vijana wenye mikuki na mufungwa mumoja, anaenda kizuizini kwa waaskari. Ni siye tu tunaweza kufanya ujinga kama huo, hapa Ituri penye vikundi vya silaha musituni.

Tulishushwa wote. Mukubwa wao, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akauliza, "Ninyi ni kikundi gani?"

Mumoja wa vijana wetu, mjinga, akajibu, "Siye ni Waroma." Mukubwa akasema hicho kikundi bado hajakisikia, na kinatoka musitu gani. Nikaingia katikati na sindano zangu na karatasi ya padri, nikaongea kama mvua. Hakunisikiliza. Alikuwa anamuangalia Ukumu.

"Na weye, wamekufunga juu ya nini?"

"Mimi ni Yesu, afande."

Yule kijana akamuzunguka polepole, akamuangalia toka kichwani mpaka miguuni. Akasema yeye hajaona Yesu mweusi hivyo. Ukumu akamujibu kwa heshima kuwa hata yeye bado hajazoea. Hapo mukubwa akaanza kucheka, waaskari wote wakacheka.

"Sasa unakufa saa ngapi?"

"Saa tisa, afande, kama jua linabaki."

Akatuachilia, lakini mikuki akaibakisha. Waroma wetu walimulinda Bwana na mabua ya muwa, muangalie filimu vizuri mutaona. Mumoja anatafuna silaha yake.

Basi tukafika siku ya kuonyesha. Sali ilijaa mpaka madirishani, gurupu ya umeme inakohoa nje. Mwalimu hakuwa amemutangazia mutu nani ni Yesu. Alitembea huku na huku na suti yake, kwapa zimelowa. Bernadeta alikuwa mbele kabisa, kwenye benchi la watoto wa masomo, mama yake alimukalisha pale, na mutoto hakujua kitu. Ukumu alikataa kukaa. Alisimama nyuma kabisa, kwenye mulango, kofia imeshuka mpaka machoni, muguu mumoja ndani na mumoja nje. Nilimuona anavyopumua.

Uso wake ulipotokea ukutani, sali ikanguruma. Mutu akapiga kelele kwamba Shetani amegeuza kazi, na kicheko kikapita toka benchi hadi benchi. Nilimutafuta Bernadeta. Alikuwa ameinamisha kichwa, watoto wawili wanamusukuma na viwiko. Nilijisemea, Masika, umemuharibia mutu mutoto wake kabisa kabisa.

Halafu akatokea Mwalimu jangwani, na suti na viatu, anaahidi vitu vizuri kwa ile sauti yake tamu. Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Sote tumeshaona wanaume wenye suti wanakuja kuahidi. Ninawaambia, Mwalimu alipata shida, kwa miezi watoto walikuwa wanamukimbia njiani, na yeye anaenda tu kununua mukate.

Kisha ikaja pale Yesu anawapikia wanafunzi wake samaki, Biblia inaiweka baada ya ufufuko lakini siye tuliitanguliza. Ukumu alichukua kisu, akapasua samaki kwa mukono mumoja, akatoa matumbo kwa kidole, tak, akaweka juu ya moto. Hatukumufundisha hivyo. Nikasikia mama za soko nyuma yangu wanasema huyu samaki anaijua. Kutoka pale hakuna aliyecheka tena. Alipowaosha miguu mitume, mama mumoja alitoa kitambaa, na alikuwa ni yule aliyeacha kununua.

Wakamukamata. Wakamufunga ile kamba ya ng'ombe, wakamuvuta, akaanguka. Muroma akamupiga kofi. Hapo hapo Bernadeta akapanda juu ya benchi.

"Mumufungue! Ni papa yangu!"

Alisema hivyo mbele ya masomo yake yote, mbele ya parokia nzima, machozi na makamasi. Akarudia, ni papa yangu, ni papa yangu. Watoto waliokuwa wanamusukuma wakashuka benchi. Mutu akamuambia, mutoto, papa yako iko kule mulangoni, muzima. Akageuka. Akamuona. Akapita chini ya mabenchi, kati ya magoti ya watu, watu wanainua miguu kumupisha, mpaka akafika. Ukumu alikuwa amevua kofia. Akamubeba.

"Papa, ilikuuma?"

"Kamba tu," Ukumu akasema. "Kamba ilikuwa ya kweli."

Watu walicheka na kulia pamoja, wamesimama wote, wamegeukia mulango, wanataka kumugusa, wanataka kumugusa mutoto. Bernadeta amemushika papa yake sikio, anawaonyesha wenzake, huyu, ni huyu. Na nyuma ya migongo yao, ukutani, filimu ilikuwa inaendelea peke yake. Yesu akafa saa tisa. Wakamuzika. Jiwe likaondoka, na Ukumu akatoka kaburini ndani ya shuka langu la harusi, jeupe, la ndimu na bulu, linang'aa mpaka linauma macho, na katika Bunia yote hakuna mutu hata mumoja aliyeliona. Ni mimi na Kambale peke yetu. Mpaka leo nikikumbuka naililia sabuni yangu.

Kwa hiyo perike haiko, musiniulize tena. Lakini lile shuka liko ndani ya sanduku, nimeliwekea majani ya ndimu. Kesho mumulete yule kijana wenu wa Nyakasanza nimupime mabega, na mufunge mulango wa sali kwa ufunguo, safari hii watu waangalie mbele mpaka mwisho.